Tulipima Mgongo wa Bamba: Somo la Ugumu wa Chuma katika Karakana ya Chuo

Katika ufundi wa vyuma zipo sentensi ambazo mwalimu huzirithi kwa mwalimu wake, naye huwarithisha wanafunzi wake, bila hata mmoja wao kuzipima. Sisi tulirithi moja: kwamba chuma kilicho kigumu zaidi ndicho kinachochelewa kulika. Tuliifundisha kwa miaka 6 tangu tulipotoka masomoni na stashahada yetu ya ualimu. Tuliiandika ubaoni kila mwaka, tukaiulizia katika mitihani, na aliyejibu vinginevyo tulimkata alama. Makala haya yaeleza jinsi sentensi hiyo ilivyotuponyoka, hasara iliyoletwa na kuponyoka kwake, na somo tulilolitunga mahali pake, ambalo twadhani mwalimu yeyote mwenye jiliwa imara na gololi moja ya beringi anaweza kulifundisha.

Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana mtulivu asiyeuliza maswali ovyo, alitujia karakanani Jumatatu moja akiwa amebeba kitu kizito katika mfuko wa sandarusi. Baada ya kutuamkia alitoa kipande cha chuma kilichomiminwa katika kalibu, kikubwa kama tofali nusu. Mjomba wake ana mashine ndogo ya kuponda mawe katika machimbo ya kokoto upande wa Lugoba. Mashine hiyo ina mabamba mawili yanayoitwa taya, nayo hutafuna jiwe kama vile mtu atafunavyo muwa. Mjomba alikuwa amenunua taya mpya, akazigusa kwa tupa, tupa ikauma, akaingiwa na shaka.

“Mkufunzi,” alisema kijana, “mjomba anaomba umwangalizie. Hiki ni kipande cha taya la zamani, aina ni ile ile. Anataka kujua kama ni chuma cha kweli au ameibiwa.”

Tulikifunga kipande katika jiliwa. Upande wake mmoja, uliokuwa ukikabiliana na mawe, ulikuwa na mawimbi na vumbi lililoganda. Upande wa nyuma, uliokuwa umeegemea mwili wa mashine, ulikuwa sawa na safi. Tuliuchagua wa nyuma, kwa sababu isiyo na elimu yoyote ndani yake: ulikuwa rahisi kuufikia. Tupa iliuma kwa mkwaruzo wa kwanza na wa pili. Kwa wa tano na wa sita ilianza kuteleza, nasi tukailaumu tupa kuwa imezeeka. Tulisogeza sumaku, haikunata, tukaona ni jambo la ajabu kidogo, kisha tukalisahau. Msomaji aone vizuri: chuma kilikuwa kimekwisha kutujibu mara mbili mbele ya mwanafunzi wetu, nasi hatukusikia.

Tulimwambia kijana kwamba chuma hicho ni laini. Tuliongeza, kwa kuwa mwalimu hapendi kumwacha mtu aondoke na swali tu, kwamba kama mjomba hawezi kuzirudisha taya mpya, na azipashe moto hadi ziwe nyekundu kisha azizime majini, zitakomaa.

Wakafanya hivyo. Walijenga tanuru la matofali na mkaa, wakavukuta usiku kucha. Siku ya tatu ya kazi taya moja ilipasuka vipande vitatu, na kipande kimoja kiliruka juu ya kichwa cha kijana aliyekuwa akilisha mawe, kikatoboa bati la kibanda. Hakuna aliyeumia. Lakini taya zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za msimu mzima, na mashine ikasimama.

Tulikwenda machimboni Jumamosi iliyofuata. Mjomba hakugomba. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akasema neno moja tu: “Mwalimu, sisi tulifuata neno la chuo.” Hatukupata la kujibu. Aliyetuokoa na kimya hicho ni mzee mmoja, fundi wa mashine, ambaye hakupata kukaa darasani zaidi ya miaka minne. Alichukua kipande kile kile tulichokuwa tumekipima, akakigeuza, akakifuta vumbi kwa kiganja na kututolea tupa yake. “Ulipima mgongo,” alisema. “Mgongo haujapigwa na jiwe hata siku moja. Pima uso.” Tulipitisha tupa usoni mwa bamba. Ikateleza kama juu ya kioo.

Turudi sasa kwenye elimu ya jambo lenyewe. Chuma hiki ni feleji ya manganizi, iliyovumbuliwa mwaka 1882 katika mji wa Sheffield, Uingereza, na Robert Hadfield, wakati huo kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 24. Wahunzi wa wakati wake walijua kwamba manganizi ikizidi kidogo katika feleji, tuseme asilimia 5, chuma huvunjika kama kigae, na kwa hiyo wakaona hakuna haja ya kuendelea. Yeye aliendelea. Ilipofika asilimia 12 au 13, pamoja na kaboni ya asilimia 1 na kitu, na chuma kikazimwa majini kutoka joto la zaidi ya sentigredi 1,000, alipata kitu kisichotarajiwa: feleji isiyovutwa na sumaku, laini kiasi mwanzoni, shupavu sana, na ambayo kadiri inavyopigwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Ndiyo iliyokuja kutumika katika taya za kuponda mawe na katika makutano ya reli, mahali gurudumu linaporuka pengo na kugonga. Kuanzia mwaka 1915 ilitumiwa pia katika kofia za chuma za askari wa Uingereza.

Ikiwa mpya, feleji hiyo ina ugumu wa kama 200 kwa kipimo cha Brinell, ambao hauizidi sana feleji ya kawaida. Uso wake ukisha pigwa sana kazini waweza kufika 500 na kupita, huku ndani ikibaki kama ilivyokuwa, shupavu, tayari kupokea pigo bila kupasuka. Kwa hiyo mjomba hakuwa ameibiwa. Tupa yake iliuma kwa sababu taya zilikuwa mpya, na chuma hiki hununuliwa kikiwa laini ili kikomazwe na kazi yenyewe. Moto tuliowashauri ndio uliokiharibu. Wekundu wa tanuru la mkaa hautoshi kuiyeyusha kaboni ndani ya chuma; badala yake huitoa na kuipanga kama utando mgumu kwenye mipaka ya fuwele, na chuma hupasukia humo humo. Kanuni tuliyoitoa ilikuwa sahihi kwa patasi ya feleji ya kaboni. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kila feleji ni patasi.

Tulipomaliza kujilaumu, jambo lisilomfaidia mwanafunzi, tulijiuliza: somo gani lingemfanya mwanachuo asiweze kabisa kupima mgongo na kusema juu ya uso? Chuo chetu hakina mashine ya kupimia ugumu. Ipo kanuni ya Mswidi Johan August Brinell ya mwaka 1900: gololi ngumu yenye kipenyo cha milimita 10 hukandamizwa juu ya chuma kwa mzigo wa kilogramu 3,000, kisha mzigo hugawanywa kwa eneo la kishimo kilichobaki. Nani ana kilogramu 3,000 katika karakana ya chuo? Lakini tuliona kwamba swali letu halikuhitaji namba ya Brinell. Lilihitaji ulinganisho tu, kati ya chuma kilichopigwa na chuma hicho hicho kisichopigwa.

Njia ya kwanza ni ya mafundi, na ni nyepesi kiasi cha kutia aibu. Gololi ya beringi huwekwa katikati ya vipande viwili ndani ya jiliwa, na jiliwa hukazwa. Kani inayokandamiza upande mmoja ndiyo hiyo hiyo inayokandamiza wa pili. Hakuna haja ya kuijua. Kila kipande hubaki na kishimo, na chenye kishimo kidogo ndicho kigumu. Vishimo vikiwa vidogo kuliko gololi kwa mbali, ugumu huenda kinyume na kipeo cha pili cha kipenyo. Mathalani, kishimo cha mgongo kikiwa milimita 2.5 na cha uso 1.9, basi uso una ugumu wa mara 1.7 hivi kuliko mgongo. Mwanachuo hupima kwa venia kalipa na kioo cha kukuzia, naye apime kila kishimo kwa pande mbili, kwani vishimo vyetu mara nyingi huwa vya yai.

Somo halianzi na gololi, hata hivyo. Linaanza na nyundo. Tunagawa kwa kila kundi vipande viwili, kimoja cha nondo ya kawaida iliyosawazishwa kwa tupa, cha pili cha bamba la taya, upande wa mgongo. Kundi hupima vyote viwili kabla ya lolote. Mara hii ya kwanza tofauti ni ndogo, na wanachuo huandika kwa ujasiri kwamba vyuma hivi havipishani sana. Tunawaacha waandike. Kisha hupewa nyundo ya kilo 2 yenye kichwa cha mviringo, na kila kipande hupigwa juu ya fuawe mapigo 200 mahali pamoja. Nondo hutandazika, bamba karibu lisitandazike. Pigo nalo hubadili sauti: mwanzoni ni zito, baadaye nyundo yaanza kudunda mkononi. Ndipo wapime tena. Nondo nayo imekomaa, maana karibu kila chuma hukomaa kwa kufuliwa kikiwa baridi, jambo ambalo mhunzi wa sufuria za shaba alilijua zamani. Lakini nondo imekomaa kidogo, na bamba limekomaa sana. Daftari la mwanachuo sasa lina sentensi mbili zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe zinazopingana, na hapo ndipo tunapoanza kufundisha.

Hatupendi kuwapa maelezo kabla ya saa hiyo. Tunawaambia wafikirie fuwele kama rundo la karatasi zinazoteleza moja juu ya nyingine. Mpigo unazitelezesha, mitelezo inagongana na kuzuiana, na kadiri inavyozidiana ndivyo telezo linalofuata linavyokuwa gumu. Katika feleji ya manganizi kuna zaidi: fuwele hujikunja katika mikanda myembamba sana, kila mkanda ukiwa kama taswira ya jirani yake katika kioo, na kila mkunjo ni ukuta mpya wa kuzuia mtelezo. Zamani ilifundishwa kwamba uso uliopigwa hugeuka kuwa aina ile ngumu ya feleji ipatikanayo kwa kuzima patasi. Sasa inajulikana kwamba katika feleji hii ya kawaida sivyo. Mpangilio wa fuwele hubaki ule ule kwa sehemu kubwa. Mwanachuo aweza kuliona hili kwa sumaku ya shilingi chache: hainati mahali palipopigwa, kama isivyonata mahali pasipopigwa, ilhali patasi iliyozimwa huivuta. Tahadhari moja: gamba la nje la bamba lililotoka katika kalibu huweza kuivuta sumaku kidogo, kwa kuwa limepoteza kaboni na manganizi yake katika joto. Kundi moja lilitushinda kwa hoja kwa dakika 20 kwa sababu ya gamba hilo, na lilikuwa na haki.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, na twaona inafaa kwa mwaka wa pili tu. Inatokana na kanuni ya Mjerumani Eugen Meyer ya mwaka 1908, na uzuri wake ni kwamba hukuwezesha kukisia jinsi chuma kitakavyokomaa hata kabla ya kukipiga nyundo. Gololi ikiingia zaidi, yenyewe huufinyanga zaidi mwili wa chuma unaoizunguka. David Tabor, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya ugumu wa metali, alionyesha kwamba kiasi cha mfinyango huo ni kama sehemu 0.2 ya uwiano wa kipenyo cha kishimo na cha gololi. Yaani kishimo cha milimita 2.5 kwa gololi ya 10 ni mfinyango wa asilimia 5 hivi, na cha 3.5 ni asilimia 7. Basi chuma chenye tabia ya kukomaa hukaza njiani: ukiongeza mzigo maradufu, kishimo hakikui kwa kiasi ambacho kingekua katika chuma kilichokwisha kukomaa. Meyer aliandika mzigo kuwa sawia na kipenyo kilichopandishwa kipeo fulani. Kwa chuma kilichofuliwa kikamaliza, kipeo hicho hukaribia 2. Kwa kilicholainishwa, hukaribia 2.5.

Ili kupata mizigo inayojulikana tulitumia wenzo: boriti ya chuma ya mita 2 iliyofungwa bawaba ukutani, gololi ikiwa sentimita 10 kutoka bawaba, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukining'inia mwishoni. Mfuko mmoja hukandamiza gololi kwa kilogramu 1,000. Mwaka wa kwanza tulipata vipeo vya ajabu, vikiwamo vya 3 na zaidi, tukaanza kumshuku Meyer. Mwanachuo yule yule wa mjomba ndiye aliyeuliza kama boriti haina uzito. Uzito wake hukaa katikati ya urefu, kwa hiyo huingia mara 10; kwa boriti ya kilo 15 ni kilogramu 150 tulizokuwa tumezisahau. Tulipoziingiza, na kupanga mzigo wa pili uwe maradufu halisi ya wa kwanza, hesabu zilitulia. Kishimo cha milimita 2.50 katika chuma kilichokomaa chapaswa kukua hadi 3.54, katika kilicho laini hadi 3.30 tu. Tofauti ni robo ya milimita, nayo yaonekana kwa kalipa, mradi macho ni mazima na mkono hauna haraka.

Zipo hila ambazo zimetuharibia vipindi vizima, nasi tunazitaja kwa wenzetu bila mpango. Ukisawazisha bamba kwa tupa kwa nguvu, umekwisha kulikomaza kabla hujalipima, kama tupa yetu ilivyotuonyesha siku ile. Tumia jiwe laini la kusagia na maji. Vishimo viwili vikikaribiana kuliko mara tatu ya kipenyo chake, cha pili kitasoma ukomavu wa cha kwanza. Tabaka lililokomaa kwa nyundo ya mkono ni jembamba, hivyo mzigo mkubwa hulipenya na kusoma ulaini ulio chini. Gololi nayo huchoka: baada ya kutumika juu ya uso mgumu iviringishe juu ya kioo, na ikiyumba itupe. Juu ya yote, miwani. Gololi iliyokazwa katika jiliwa ina tabia ya kuchomoka, na gololi iliyopasuka ni risasi.

Swali ambalo wanachuo huliuliza kila mwaka, nasi hulingojea kwa hamu, ni hili: kama chuma hiki ni kizuri hivyo, mbona majembe hayatengenezwi kwacho? Hatulijibu mara moja. Tunawapa kipande cha bamba kisichopigwa na kipande cha jembe, wavisugue vyote juu ya mchanga mkavu kwa muda ule ule na kwa uzito ule ule, kisha wapime tena kwa gololi. Uso wa bamba uliosuguliwa haukukomaa kiasi cha kutosha kuonekana. Mchanga unakwangua tu, haupigi. Huiondoa ngozi ya chuma kabla haijapata nafasi ya kukaza. Katika udongo feleji ya manganizi hulika kama chuma chochote laini, na jembe lililozimwa vema huishinda. Hapo ndipo sentensi yetu ya zamani inaporudi kwa mlango mwingine, kwani kwa mchanga ina ukweli wake. Hatuwaruhusu tena kuiandika, hata hivyo, bila kuandika pia ni kitu gani kinachokila chuma, na ugumu ulipimwa upande gani na lini.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba somo hili linakula vipindi vinne mahali ambapo mihutasari inatoa kimoja. Ni kweli. Tumevipata kwa kupunguza majina ya vyuma na asilimia zake, ambayo wanachuo hukariri na kuyasahau kabla ya mazoezi ya kufundisha. Wapo pia watakaouliza alama zitatolewaje. Tunatoa nusu ya alama kwa vipimo, na nusu kwa ile sentensi ya kwanza iliyoandikwa kabla ya nyundo, pamoja na maelezo ya mwanachuo kwa nini aliiandika hivyo. Asiyeionyesha, au aliyeifuta, hupoteza nusu hiyo. Kuhusu alama tulizowakata waliotangulia, tulizipitia karatasi zilizokuwa bado ofisini na kuzirudisha kwa watatu. Wengine walikwisha kuhitimu, nao wanafundisha mahali tusipopajua, bila shaka kwa sentensi ile ile.

Mjomba tulimlipa taya iliyopasuka kwa mafungu, miezi 8. Alikataa fungu la mwisho, badala yake akaomba wanachuo waende kumpimia taya zake kila likizo, uso na mgongo, ili ajue lini azigeuze. Huenda watu watatu au wanne, na yule mzee fundi huwasimamia. Vipande vya taya iliyopasuka alitupa sisi. Viko juu ya meza ya karakana, na wanachuo wa mwaka huu wamekwisha kuvijaza vishimo hata pamekosekana mahali pa kuweka gololi, nasi tunatafuta bamba jingine.